Kuuona Moyo wa Mwenzio

Wahenga walisema moyo wa mtu ni msitu. Walikuwa wakinena juu ya nia na siri za binadamu, si juu ya nyama ile ya ukubwa wa ngumi inayodunda kifuani. Lakini siku hizi msitu huo wa pili unapigwa picha hadi vichochoro vyake. Habari hizo hunirudisha kila mara kwenye kosa nililolitenda nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na kwenye swali lisiloniacha: je, mtu ana wajibu wa kuona kila kinachoweza kuonekana?

Nianze na kosa lenyewe. Chuoni kwetu palikuwa na mchakamchaka kila alfajiri. Mwanachuo mmoja, kijana mpole, alikuwa akibaki nyuma siku zote, ameshika magoti na kuhema. Nilimwita mvivu mbele ya wenzake, nikampa adhabu ya kufyeka majani. Hakubisha. Alisema tu, "Samahani, Mkuu. Pumzi haitoshi." Muhula haujaisha, akaanguka bwenini. Daktari alimsikiliza kifua kwa dakika chache, kisha akaniambia kwamba vali ya moyo imeharibika kwa sababu ya homa ya rumatiki aliyougua utotoni. Alirudi kwao, na mwaka uliofuata tuliletewa habari za msiba. Mimi niliyewafundisha walimu wasimhukumu mtoto kwa sura, nilikuwa nimeuhukumu moyo wa kijana yule kwa kutazama miguu yake.

Tangu hapo husoma kwa hamu kila ninachokipata juu ya vyombo vya kuutazama moyo. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen aligundua eksirei. Mwaka 1979 Hounsfield wa Uingereza na Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi iliyozaa siti skani. Sasa wataalamu wameunganisha mashine mbili kuwa moja. Siti skani huonyesha umbo: vali imekaaje, mishipa inayoulisha moyo damu imebanwa wapi. Mashine ya pili, iitwayo peti, huonyesha kazi inayoendelea ndani. Mgonjwa hudungwa floraidi kidogo yenye mnururisho, ambao hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110. Floraidi hiyo hunasa pale ambapo chokaa inaanza kujijenga. Picha mbili zikilazwa pamoja, ya kwanza huwa ramani na ya pili huwa taa zinazowaka juu ya ramani.

Huko Edinburgh, Uskochi, watafiti waliwapima hivyo watu 40 waliotoka kupata mshtuko wa moyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: kwa watu 37, taa iliyong'aa kuliko zote ilikuwa mahali palepale palipoleta mshtuko. Hali kadhalika, vali inayogeuka ngumu huonekana ikiwaka.

Hapa ndipo swali linapokuwa gumu. Watafiti wa huko huko Edinburgh walijaribu kuzuia vali isizidi kubana. Mwaka 2005 walieleza kwamba dawa ya kupunguza kolesteroli haikufaa. Mwaka 2021 wakaeleza kwamba dawa mbili za mifupa nazo hazikufaa. Basi mtu anaweza kuonyeshwa vali yake ikigeuka jiwe, akaambiwa hakuna kidonge cha kuizuia, asubiri siku ya kuibadilisha. Hiyo itakuwa kwa kupasuliwa kifua, au kwa kupitisha vali mpya ndani ya mshipa, kama Alain Cribier alivyofanya kwa mara ya kwanza mjini Rouen, Ufaransa, mwaka 2002. Mzee mwenzangu mmoja nilipomsimulia hayo alinijibu, "Usinipe habari za nyoka chumbani kama huna fimbo."

Sikumcheka. Kujua kuna uzito wake, na aliyeonyeshwa hawezi tena kurudi kuwa asiyejua. Lakini namwomba afikiri mambo mawili. Kwanza, tumejua kwamba dawa zile hazifai kwa sababu wagonjwa walikubali mioyo yao ipigwe picha tena na tena. Hawakupona kwa picha hizo. Waliwaazima watakaokuja baada yao.

Pili, ziko nyumba ambamo fimbo imo mlangoni. Nchini Uganda, watoto 818 wa miaka 5 hadi 17 walikutwa kwa kipimo cha mawimbi ya sauti kwamba vali zao zimeanza kudhurika, ingawa hawakuwa na dalili. Baadhi yao walidungwa penisilini kila baada ya majuma manne, wengine hawakudungwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022: baada ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa watoto 3 tu wa kundi la kwanza, na kwa watoto 33 wa kundi la pili. Na penisilini ni dawa ya zamani.

Kwa hiyo naona hivi. Juu ya moyo wake mwenyewe, mtu mzima ana haki ya kusema, "Sitaki kuonyeshwa." Lakini aliyekabidhiwa wengine, awe mzazi, mwalimu au serikali, hana haki hiyo pale ambapo mkono unaweza kutenda baada ya jicho kuona. Tena hapaswi kungoja mashine kubwa. Aanze na koo la mtoto linalouma.

Kijana yule hakuhitaji peti wala siti skani ili niache kumfyekesha majani. Zahanati ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka ofisini kwangu, na yeye mwenyewe alikuwa amekwisha nieleza ugonjwa wake kwa maneno mawili. Nilikuwa na masikio, ila nilikuwa na haraka ya kutoa adhabu. Wakati mwingine mvua ikinizuia ndani, bado nahesabu: dakika kumi.