Ningekuambia Saa Ngapi?

Maandiko: Marko 6:30-46, Wimbo Ulio Bora 7:10-13

Waliokuwa ibada ya pili Jumapili iliyopita walicheka niliposema nitahubiri juu ya Naivasha. Najua mlichokuwa mkifikiria. Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, mtu akisema anaenda Naivasha wikendi, sisi waliookoka tunaanza kumwombea. Mzee mmoja alinivuta kando baada ya ibada akaniuliza, "Pasta, lakini ulienda na mama?" Nilienda na mama. Tena mama ndiye aliyenipeleka.

Ilianzia hapa ofisini. Mwezi wa kumi mwaka jana karani wetu aliniambia kuna dada anaomba kuonana na mchungaji Alhamisi saa tisa, habari za ndoa. Nikaandika kwenye daftari. Alhamisi saa tisa mlango ukafunguliwa, nikainua kichwa, nikaona ni mke wangu. Nikacheka, nikidhani ameniletea chakula. Yeye hakucheka. Aliketi kwenye kile kiti mnachokalia ninyi, akaweka mkoba magotini, akasema, "Pasta, nina shida na mume wangu. Hapatikani."

Kabla Mungu hajaniita katika huduma nilisomea biashara, na kuna jambo moja la darasani ambalo sijalisahau. Biashara inaweza kuonyesha faida kwenye vitabu na bado ifungwe, kwa sababu haina pesa mkononi. Stoo imejaa mali, wateja wanadaiwa, hesabu inapendeza kabisa, lakini mwisho wa mwezi hakuna ya kulipa wafanyakazi wala kodi ya duka. Nyumba yangu ilikuwa hivyo. Kwenye vitabu tulikuwa na faida: watoto wako shule, karo imelipwa, ploti tumeanza kuilipia, huduma inakua. Mkononi hatukuwa na kitu. Mazungumzo yetu yalikuwa gesi imeisha, nani atachukua watoto, umemtumia mama pesa? Tukimaliza hayo, kila mtu na simu yake. Hata kugombana hatukuwa tunagombana. Na mimi, mshauri wa ndoa za watu, nilikuwa nachukulia huo ukimya kuwa ni amani.

Alikuwa amekuja na mpango. Kwa mgao wake wa chama alikuwa ameshalipia kijumba cha mbao kando ya ziwa, usiku mbili, Ijumaa hadi Jumapili. Nikamwambia Jumapili niko zamu ya kuhubiri. "Mchungaji kiongozi nimeshaongea naye." Watoto? "Wanaenda kwa dadangu." Na pesa hairudishwi. Hapo mtu wa biashara ndani yangu alinyamaza.

Tukaenda mwezi wa kumi na moja, mvua za vuli zikiwa zimeanza. Kutoka Nairobi ni kilomita 90 hivi, tukapanda matatu, kisha boda hadi ziwani, kule upande wa migunga yenye magome ya manjano. Askari alitupokea akatuonya giza likiingia tusitembee nje bila yeye, kwa sababu viboko hutoka majini usiku kula nyasi, na hawapishani na mtu. Nikasema amina. Na jioni hiyo nikafanya nini? Nilikaa barazani na simu. Kulikuwa na kamati ya mazishi, halafu ndugu mmoja alikuwa na shida ya mkopo, halafu vijana walitaka kujua vyombo vitaletwa saa ngapi. Mtandao ulikuwa mzuri, kwa bahati mbaya. Mke wangu alikula peke yake akalala. Nilikuwa nimebeba ofisi yangu kilomita 90 nikaenda kuifungua mbele ya viboko.

Jumamosi asubuhi tulipanda mashua. Nahodha alisema ziwa lile ni la kuendewa asubuhi, maana mchana upepo huliamsha, na hata jina Naivasha limetokana na neno la Kimaasai kuhusu maji yanayochafuka. Tulipita katikati ya miti iliyokufa ikiwa imesimama ndani ya maji, kwa sababu ziwa limepanda sana. Mwaka 2020 liliingia hata kwenye nyumba za watu wa Kihoto. Furukombe, yule tai mwenye kichwa cheupe, alishuka akanyakua samaki karibu yetu, na mke wangu akapiga kelele kisha akacheka. Nikashtuka. Nilikuwa sijasikia kile kicheko kwa muda mrefu, na sikuwa nimegundua kwamba kimepotea.

Kuna jambo ambalo nahodha alitukumbusha na wengine mlisoma shuleni. Mito kama Malewa na Gilgil inaingia Naivasha, lakini hakuna mto unaotoka. Maziwa jirani, Elmenteita na Nakuru, ni ya chumvi. Naivasha maji yake hayana chumvi, kwa sababu yana njia ya kutokea chini ya ardhi. Mke wangu akaniangalia tu. Alikuwa ameelewa kabla yangu. Mimi nilikuwa napokea shida za kila mtu na sina mahali pa kuzitolea, na chumvi yote ilikuwa inabaki nyumbani.

Mchana mvua ikanyesha kweli kweli. Stima ikapotea, simu yangu ikazima. Sasa utaenda wapi? Nje ni matope na viboko, ndani ni mke wako na thamosi ya chai. Tulikaa karibu saa nzima tukisikiliza mabati. Halafu akaanza kuongea.

Haya ninayosema sasa amenipa ruhusa, na ameyasoma kabla hayajaenda kuchapwa. Mwezi wa nane alihisi uvimbe kwenye titi. Alienda hospitali peke yake, akapimwa, akarudi peke yake kuchukua majibu. Kwa wiki tano alibeba hofu ile huku anafunga watoto viatu. Majibu yalikuwa mema, tunamshukuru Mungu. Lakini katika wiki hizo tano mimi nilikuwa hapa mbele nikifundisha mfululizo juu ya uponyaji, na yeye alikaa safu ya pili akisema amina.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

Akasema, "Ningekuambia saa ngapi?"

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anauliza kweli. Nikaanza kutafuta hiyo saa kichwani, Jumatatu mpaka Jumapili, nikaikosa. (Dada zangu, ukihisi uvimbe nenda upimwe mapema. Na usiende peke yako. Ndugu zangu, mmesikia.)

Fungua Marko 6. Mitume wamerudi kutoka kwenye huduma na ripoti nzuri. Mstari wa 31 unasema watu walikuwa wengi wakija na kuondoka hata wao wakakosa nafasi ya kula. Yesu hakuwapongeza kwa kujikana nafsi. Aliwaambia waende kando, mahali pasipo na watu, wapumzike kidogo, na wakaingia kwenye mashua. Sasa utasema, "Pasta, lakini makutano waliwafuata, na Yesu akawahurumia." Ni kweli, aliwafundisha akawalisha. Soma mpaka mstari wa 45 na 46. Aliwalazimisha wanafunzi waondoke, kisha yeye mwenyewe akawaaga makutano. Huo mstari nilikuwa naupita haraka kila mara. Yesu alijua kuwaaga watu. Bado kulikuwa na wagonjwa wangapi katika umati ule? Akawaaga, akapanda mlimani kuomba.

Na katika Wimbo Ulio Bora 7 angalia ni nani anayetoa mwaliko. Ni mke. Anamwita mpendwa wake watoke waende mashambani, walale vijijini, waamke mapema waone kama mizabibu imechipua. Biblia haikuona aibu kuandika kwamba mke alisema, twende. Hata jeshini, Kumbukumbu la Torati 24:5, mume aliyeoa karibuni aliachwa nyumbani mwaka mzima amfurahishe mkewe. Vita viliweza kungoja, sembuse kamati yangu?

Wengine mnasema moyoni, hayo ni mambo ya wenye pesa. Sikatai, kijumba kile si bei ya mama mboga. Lakini mvua ndiyo iliyotufungia ndani na simu kuzima, na hivyo viwili ni bure. Thamosi ya chai, viazi vitamu, na benchi mbali na nyumbani vinatosha. Mjane na asiyeolewa, usijione umeachwa nje ya ujumbe huu. Mwaliko wa Marko 6 walipewa wanafunzi wote. Na kama nyumbani kwako shida si uchovu bali ni kipigo, wewe usitafute ziwa. Njoo ofisini, au nenda kwa mama mchungaji, leo.

Sijawa mume mpya. Wiki mbili baada ya safari nilirudia mambo yangu, na karani akaniambia kuna dada ameuliza kama Alhamisi saa tisa iko wazi. Sasa saa hiyo ni yake, imeandikwa kwa kalamu.

Walimu wa Shule ya Jumapili wamekubali kukaa na watoto hapa kanisani Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa nne hadi saa kumi na moja, bila malipo. Leteni watoto wameshakula, na mwandike majina kwenye karatasi iliyo mlangoni ili walimu wajue idadi. Mtakakoenda ninyi wawili ni shauri lenu. Siku hiyo ukiwa na dharura mpigie mzee wa zamu, nambari iko ukurasa wa nyuma. Yangu itakuwa imezimwa.