Mtihani upime ualimu, si masikio

Jioni, barabarani Kwa Mrombo, hapa Arusha, hakusikilizani: makondakta wananadi abiria, bodaboda wanapiga honi, nyama choma inafuka moshi. Katikati ya zogo hilo nimewaona vijana viziwi wakizungumza kwa mikono, mmoja ng'ambo hii, mwingine ng'ambo ile. Mmoja asipoelewa, mwenzake anayeeleza anarudia taratibu, anabadilisha mfano, anamtazama usoni mpaka aone ameelewa. Huo ndio ualimu wenyewe.

Sasa mpeleke kijana huyo kwenye usaili wa ajira ya ualimu. Anaulizwa kwa sauti, anajibu kwa mikono, mkalimani yuko katikati. Mkalimani asipozijua istilahi za hisabati, jibu sahihi linafika kwa msaili likiwa limepinda, na anayekatwa maksi ni mtahiniwa. Kwenye karatasi nako, Kiswahili kwake ni lugha ya pili. Akikosea kiambishi, anahesabiwa hajui somo.

Dhuluma hii ina historia. Mwaka 1880, kongamano la kimataifa la elimu ya viziwi mjini Milan, Italia, lililojaa walimu wanaosikia, liliamua kuiondoa lugha ya alama madarasani. Walimu viziwi wakapoteza kazi, watoto wakaachwa wabahatishe maneno kwa kutazama midomo. Ilipita miaka 130 ndipo kongamano hilohilo, likikutana Vancouver mwaka 2010, likaonyesha majuto.

Sisi hatuna sababu ya kuchelewa hivyo. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao ibara yake ya 24 inataka waajiriwe walimu wanaoimudu lugha ya alama, wakiwamo wenye ulemavu. Mwaka uliofuata tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Hapa Arusha tuna Chuo cha Ualimu Patandi, pale Tengeru, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu.

Basi maswali yatolewe kwa Lugha ya Alama ya Tanzania, majibu yarekodiwe kwa video, na wasahihishaji wawe wajuzi wa lugha hiyo, viziwi wakiwamo. Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA) kishirikishwe tangu mtihani unapotungwa. Kiwango cha somo kisishushwe hata kidogo: asiyejua kufundisha aanguke, awe kiziwi au anasikia. Na anayesikia akitaka kufundisha viziwi, naye apimwe ufasaha wa mikono yake. Mtoto kiziwi anastahili mwalimu anayemwelewa tangu siku ya kwanza ya shule.