Nani Alipie Umbali?

Hivi chumba cha bei nafuu ni nafuu kweli kama kipo mbali na riziki? Hapa Tabora mwenye kipato kidogo husukumwa pembeni mwa mji. Huko kodi inashuka, lakini bodaboda ya kwenda na kurudi inameza kile alichookoa. Asiye na nauli anakanyaga mchanga, na saa zake hakuna anayezihesabu.

Karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu toka huku hadi Bagamoyo, wakarudi na majora ya nguo. Kazi ilikuwa ngumu na wengi walifia njiani. Ila mpagazi alipatana ujira kwa safari yake: umbali ulikuwa na bei, na mwenye mzigo ndiye aliyeilipa.

Leo mama anayetoka alfajiri kwa miguu kwenda kufagia ofisi za mjini anailipa mwenyewe. Wapo watafiti wa vyuo vikuu wanaojumlisha kodi na nauli kabla ya kuiita nyumba nafuu. Mimi niliyeishia kidato cha nne naongeza: jumlisheni na muda, maana haurudishwi. Kisha tumuulize anayepima viwanja mbali na kazi: mzigo huu ni wa nani?