Mvua Moja, Ardhi Mbalimbali

Mvua inayonyesha Kabalagala na vilima jirani ni moja. Kileleni, penye udongo mwembamba wa changarawe nyekundu, huota nyasi. Mteremkoni, penye udongo wenye kina, hustawi migomba. Bondeni, maji yanapotuama, huota mafunjo. Katika Surat Ar-Ra'd, aya ya 4, Allah anatutaka tuzingatie ardhi zilizopakana, zinyweshwazo maji yale yale, mazao yakatofautiana.

Basi tusiulaumu mtaa na muziki wake wa usiku. Khutba ya Ijumaa tunaisikia sote. Mkulima huirutubisha migomba kwa samadi na matandazo; nasi tuirutubishe mioyo kwa swala ya jamaa na toba. Allah aijaalie kuwa ardhi njema. Amin.