Unamjua Jina?



Mwaka 1948 nchi ya El Salvador ilipiga kura ya ndiyo kwa Tamko la Kimataifa la Haki za Binadamu. Vizuri sana. Lakini miaka 30 baadaye watu wake walikuwa wanachukuliwa usiku na hawarudi.

Askofu Mkuu Oscar Romero alifanya nini? Katika mahubiri yake ya Jumapili, yaliyosikika redioni, alitaja majina: nani ameuawa, nani hajulikani alipo. Tarehe 23 Machi 1980 akawaambia askari waache kuwaua ndugu zao wakulima. Kesho yake akapigwa risasi akiadhimisha Misa.

Mwaka 1993 Tume ya Ukweli ya Umoja wa Mataifa ikamtaja hadharani aliyeagiza auawe. Siku chache tu, bunge likapitisha msamaha kwa wahusika! Ndiyo hivyo, sheria peke yake haina mdomo. Inasubiri mtu aseme, na aseme tena.

Kumbuka Mwanzo 4. Mungu hakumwuliza Kaini habari za amri. Alimwuliza Habili yuko wapi. Alimtaja kwa jina.

Sasa wewe: yule dada wa kazi wa jirani anayelia usiku, unamjua jina? Wiki hii mwulize. Akikwambia anapigwa, usinyamaze. Mwone mwenyekiti wa mtaa, au nenda dawati la jinsia polisi.

Mtakatifu Oscar Romero, utuombee. Amina.