Kuweka Akiba ya Chakula: Je, ni Kukosa Tawakkul?

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake:

Limeulizwa swali katika darasa zetu hapa Magomeni, nalo si swali dogo. Mtu ana gunia la mchele na madebe mawili ya maharage chumbani mwake, ameyaweka kwa khofu ya njaa. Jirani yake humwambia kuwa hana tawakkul, kwani ajuaye ya kesho ni Mungu peke yake. Naye humrudishia ya kuwa asiyeweka akiba hana akili. Ni yupi kati yao aliye sawa?

Fahamuni, ndugu zangu, ya kuwa kuweka chakula cha nyumbani hakupingani na tawakkul. Mtume wetu (S.A.W.), naye ndiye bwana wa wenye kutawakali, alikuwa akiwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka mzima katika mapato ya mitende ya Banu Nadhir, habari hiyo wameipokea Bukhari na Muslim kwa Sayyidna Umar (R.A.). Na wale ndege waliotajwa katika hadithi, waondokao asubuhi na njaa wakarudi jioni wameshiba, huondoka. Hawakai kiotani wakingoja. Basi mwenye kumlaumu mwenzake kwa gunia moja, na amlaumu kwanza mkulima wa Rufiji awekaye mbegu.

Ama dalili iliyo kubwa imo katika Sura Yusuf. Nabii Yusuf (A.S.) aliwaagiza watu walime miaka saba, na watakachovuna wakiache katika masuke yake, ila kidogo cha kula, kisha ije miaka saba ya shida, wale katika walichoweka, nako wabakishe kidogo. Wengi wetu huisoma sura hii kwa sauti nzuri wakapita. Litazameni hilo neno "kidogo", limekuja mara mbili. Akiba ile haikutoka sokoni. Ilitoka katika matumbo ya watu wenyewe, waliokula kwa kiasi hali chakula kimejaa. (Wala mtu asidhani kuacha nafaka katika masuke ni sunna ya kufuatwa kila pahali. Dumuzi, aliyeonekana Tabora kiasi cha mwaka 1981, hupenda sana mahindi yaliyo katika magunzi yake. Kwetu ni bora kuyapukuchua, kuyakausha, na kuyatia dawa.)

Hapa ndipo tulipopotea sisi watu wa mji. Hatulimi, chakula chetu hutoka Tandale na Kariakoo. Wakati wa wasaa hatuweki kitu, bali twapika na kumwaga. Kisha uvumi ukisikika twakimbilia dukani. Anunuaye magunia matatu siku hiyo amezitoa kilo zile katika sufuria ya yule anunuaye nusu kilo kila jioni kwa ujira wa siku. Mwanzo wa mwaka 2024 sukari ilipoadimika, nayo Ramadhani i karibu, tuliyaona haya kwa macho yetu. Mvua ilikuwa sababu, lakini pupa yetu iliongeza.

Na lililo ovu zaidi ni ihtikar. Katika Sahihi ya Muslim imepokewa kwa Maamar bin Abdillah (R.A.) ya kuwa hafanyi jambo hilo ila mwenye makosa. Wanavyuoni wetu wa Shafi wamelieleza: ni kununua chakula cha kushibisha wakati wa ughali na kukizuia ili kiuzwe kwa bei ya juu zaidi. Aliyenunua wakati wa urakhisi, au aliyevuna shambani mwake, au aliyenunua kwa ajili ya watu wake, hayumo katika hukumu hiyo. Kwa hiyo gunia ni lile lile. Hukumu hugeuka kwa wakati na kwa makusudio.

Mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoanzisha vita juu ya walanguzi na wahujumu uchumi, wako waliotupa bidhaa usiku zisikutwe majumbani mwao. Wala sisemi ya kuwa kila aliyekamatwa alikuwa na hatia. Sheria ile ilikuwa kali, na mshitakiwa hakuruhusiwa wakili. Lakini mtazameni aliyetupa: watu wa umri wangu tulisimama foleni kwa sabuni na unga, na yeye vitu alikuwa navyo. Aliwaogopa askari, hakumuogopa Mola wake, na mwishowe hakula yeye wala hakula mwenzake.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo zito. Njaa ikiwa imekwisha fika, na mwenye gunia hakufanya ihtikar, aliweka kwa halali: je, ana haki ya kufunga mlango? Imam Nawawi katika Minhaj amesema ya kuwa mwenye chakula asiyekuwa katika dharura humlazimu kumlisha aliye katika dharura, akiwa Mwislamu au dhimmi. Ana haki ya kupewa thamani yake, taslimu aliyefikwa akiwa nayo, na asipokuwa nayo, kwa deni. Na waliomsherehesha wakaongeza: hata ikiwa mwenye chakula atakihitaji mwenyewe baadaye. Basi khofu ya kesho haishindi njaa ya leo iliyomfikisha mtu ukingoni mwa mauti. Na walio juu ya daraja hiyo ni Ash'ariyyin, ambao chakula kilipowapungukia walikikusanya chote katika nguo moja wakagawana kwa chombo kimoja sawasawa, na Mtume (S.A.W.) akawahesabu kuwa ni watu wake.

Basi aliyeuliza juu ya gunia lake, ni halali yake, na ana thawabu akikusudia kuwasitiri watoto wake wasiombe. Ila siku jirani atakapofikwa na dharura itampasa alifungue, wala asipandishe bei juu ya ile ya soko. Na kwa kuwa nyumba zetu hizi zina wapangaji wa dini mbalimbali, na ajue ya kuwa asiulize kwanza jirani huyo huswali wapi. Wallahu aalam.