Tui Tamu, Chicha kwa Kuku

Wanangu, anayetaka tui hana budi kukaa juu ya mbuzi. Akune nazi, akamue, achuje kwa kifumbu, apate kasimile, kisha tui la pili, kisha lile la tatu jepesi kama maji ya mchele, na chicha amwagie kuku. Kwa nazi hapana ubaya. Ila nimeona tukiwafanyia watu vivyo hivyo, miaka nenda miaka rudi, na kila safari twashangaa upya.

Namkumbuka Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, Fatuma binti Baraka, mwana wa muuza nazi. Nyimbo alizipokea kwa Siti binti Saad, yule wa Fumba aliyeuza vyungu kabla ya kwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake kwenye santuri. Lakini Kidude hakuwa kivuli cha mtu. Alipiga msondo, aliwacheza wari unyagoni, alipaka maharusi hina, na sigara haikumbanduka mkononi. Kilevi nacho alikijua, wala hakukificha. Watu walinong'ona, ee, walinong'ona sana! Harusi ikikaribia, mlango uliogongwa ulikuwa wake.

Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX huko Uingereza, naye keshakuwa bibi kizee ambaye umri wake hasa hakuna aliyeujua. Hapo ndipo nasi tukajua tuna lulu. Ngome Kongwe, usiku wa tamasha la Sauti za Busara, akishapanda jukwaani na ngoma yake kiunoni, hata mimi mwenye magoti mabovu nilisimama.

Kisha mwili ukachoka. Mwaka 2012 jamaa zake wakasema bibi mgonjwa, apumzike, haimbi tena. Wengine wakasema amefichwa. Barazani kwetu pakageuka mahakama. Mahakimu saba, kahawa haikauki, kila mmoja na hukumu yake kuhusu nani anakula fedha za nani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumpelekea bibi kikombe cha uji. Hakimu wa nane nilikuwa mimi.

Simlaumu mtu. Anayeuguza ana uchovu wake, usiku halali. Na mpenzi wa muziki ana uchu wake, anataka wimbo mmoja tu, halafu mmoja tena. Binadamu ndivyo tulivyo, mbele ya sufuria inayonukia hatuulizi kuni zimetoka wapi.

Bi Kidude alifariki Bububu tarehe 17 Aprili 2013. Watu walijaa mazikoni, na Rais Kikwete alikuwepo. Barabara ya kwake kumbe ilikuwa inapitika.

Sauti yake imebaki kwenye kanda, na Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi hapa Zanzibar kimewatoa mabinti wanaopiga udi na kuimba taarabu bila kuomba ruhusa ya mtu. Nafurahi nikiwasikia. Lakini ya unyago hayaandikwi ubaoni. Yalitoka mdomoni mwake na mikononi mwake, na aliyekuwa akingoja wakati mzuri wa kuyauliza, wakati ulimpita.

Mtaani kwako yupo bibi mmoja anayeijua ngoma ambayo wewe huijui hata jina. Mpitie leo alasiri. Mchukulie mkate wa mofa na sukari kidogo, kaa naye, na usimwombe aimbe.